Ufundi wa Binti ni Ujira wa Kesho

SOMO LA ELIMU YA WAFANYAKAZI



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la nyumbani, si la chama: elimu ya ufundi na teknolojia kwa mabinti zetu. Husemwa, hata katika mikutano ya matawi, kwamba chama kishughulike na mishahara, saa za kazi na malipo ya uzeeni, na habari za watoto wa kike waachiwe wazazi na walimu. Katika somo hili tutaonyesha kwamba habari ya binti kujifunza mashine na habari ya mshahara ni habari moja.

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili tawini, kila mwanachama aweze:

(a) kueleza jinsi kazi za mashine na kazi za mikono mitupu zilivyogawanywa kati ya wanaume na wanawake;

(b) kuyajibu maneno yanayotumiwa kumzuia msichana asisome ufundi;

(c) kushiriki katika kudai nafasi za mafunzo mahali pake pa kazi.

1. TUANZE KIKUUBO

Kila mfanyakazi wa kiwandani au shambani nchini Uganda ana kitu chake Kikuubo, hata kama hajawahi kufika huko. Kitu hicho ni mali aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kikuubo ni kichochoro cha maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na vituo vya mabasi na Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Jina lenyewe, kwa Kiganda, maana yake ni njia nyembamba. Katika njia hiyo nyembamba hupita sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi, biskuti, madaftari na vyombo vya plastiki. Wenye maduka ya vijijini hununua hapo, na mizigo mingine huvuka mpaka kwenda Sudan Kusini na Kongo.

Tusimame hapo kama wanafunzi, tutazame nani anafanya kazi gani. Wachukuzi wenye magunia mabegani ni wanaume. Ndani ya maduka, anayepanga bidhaa rafuni, anayebishana bei na mnunuzi, anayefagia asubuhi na kutumwa chai saa nne, mara nyingi ni msichana. Wako pia akina mama wenye maduka yao wenyewe, wafanyabiashara hodari ambao hakuna awezaye kuwadanganya katika hesabu. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba mwanamke hawezi hesabu. Kikuubo nzima ingefunga milango.

Sasa tutazame simu. Pesa za simu zilianza Uganda mwaka 2009, na siku hizi nje ya kila mtaa wa biashara wa Kampala utaona vibanda na miavuli ya mawakala. Anayeketi hapo kutwa, akipokea na kutoa fedha za watu, mara nyingi ni mwanamke kijana. Ni kazi ya kuaminiwa, na ujira wake ni kamisheni ndogo ndogo. Tembea hatua chache uingie katika majengo ya maduka ya simu. Utamkuta fundi mwenye bisibisi ndogo, mita ya kupimia umeme na kifaa cha kuchomelea nyaya, ameifungua simu ileile na kuitandaza mezani. Fundi huyo mara nyingi ni mwanamume.

Simu ni moja. Msichana anaijua kwa nje, kijana wa kiume anaijua kwa ndani. Anayeijua kwa nje hulipwa kwa kadiri kampuni ya simu inavyopanga. Anayeijua kwa ndani hupanga bei yake mwenyewe, na akihama mtaa huhama na ufundi wake. Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika zama za mashine, kisu kikali ni ujuzi wa kukifungua chombo, kukiendesha na kukitengeneza.

Tofauti hii haikuja kwa sababu ya vidole. Vidole vya msichana anayesuka nywele nyembamba au kushona kola ya shati vinaweza kushika bisibisi. Tofauti ilikuja kwa njia ya kujifunza. Ufundi wa namna hii hufunzwa kwa kuketi kando ya fundi miezi mingi, bila mshahara au kwa chakula cha mchana tu, mpaka mkono uzoee. Mvulana huruhusiwa kuketi hapo mpaka usiku. Msichana hana miezi hiyo ya bure: jioni anatakiwa jikoni, na akionekana ameketi na vijana wa kiume hata jua likatua, jina lake litatajwa vibaya mtaani. Basi hujifunza lile linaloweza kujifunzwa kwa siku moja, na hulipwa ujira wa kazi ya siku moja.

Tuchukue mfano mwingine wa hapo hapo. Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda imewataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watoe ankara na stakabadhi kwa mfumo wa elektroniki uitwao EFRIS. Mwezi wa Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala, wa Kikuubo wakiwamo, walifunga maduka kuulalamikia mfumo huo na kodi zake. Ugomvi wa wenye maduka na serikali si somo letu la leo. Linalotuhusu ni hili: mashine ilipoingia dukani, ilibidi mtu mmoja afundishwe kuitumia. Duka lenye wasaidizi watatu halihitaji makarani watatu wa kompyuta. Anayefundishwa hupanda, na asiyefundishwa hubaki na ufagio, akingoja siku atakayoambiwa kwamba hahitajiki tena. Swali la nani afundishwe hujibiwa kimya kimya na mwajiri, na sisi hatuulizi.

2. MGAWANYO HUU ULITOKA WAPI?

Wako wasemao kwamba hizo ni mila zetu tangu zamani. Yafaa tukumbuke kwamba karakana, kompyuta na chuo cha ufundi havikuwako katika mila za zamani. Vililetwa, na vilipoletwa viliwekewa mlinzi mlangoni.

Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, kaskazini ya Kampala. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati ule, lakini shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwatayarisha mabinti kuwa wake wema na watunzaji wa nyumba. Mwaka 1922 Makerere ilifunguliwa. Wengi wetu tunaijua kama chuo kikuu, lakini ilianza kama shule ya ufundi: wanafunzi 14, wote wa kiume, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hivyo mlango wa kwanza mkubwa wa ufundi katika nchi hii ulifunguliwa kwa wavulana peke yao. Hata wito wa chuo, kwa Kiswahili, ulikuwa kama kusema "Tuwe wanaume". Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, walipokelewa mwaka 1945, na wito ukabadilishwa kuwa wa kujenga kwa ajili ya wakati ujao.

Kufunguliwa kwa mlango hakukuwa mwisho wa shida. Miongoni mwa wanawake waliosoma Makerere miaka hiyo ya 1940 alikuwamo Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo hakukubali kufundisha huku mwanamke ameketi darasani, na ikambidi binti huyo aende kwenye masomo mengine. Baadaye alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi na kufundisha, aligundua kwamba walimu wanawake walilipwa chini ya wanaume kwa kazi ileile. Akakataa kuupokea mshahara huo. Kisha akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kabla ya uhuru. Alifariki mwaka 2018.

Ndugu, tuuzingatie mfano huo. Mtu yule yule aliyefukuzwa katika hisabati ndiye aliyekuta mshahara wake umepunguzwa. Mlango uliofungwa darasani na bahasha nyembamba ya mwisho wa mwezi ni vitu vilivyotoka katika mkono mmoja.

Baada ya uhuru zilichukuliwa hatua. Mwaka 1970 Makerere ilipata kitivo cha teknolojia. Mwaka 1990 serikali iliamua kwamba wasichana wanaoomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma waongezewe alama moja na nusu. Wasichana wengi waliingia vyuoni kwa msaada huo, lakini zaidi waliingia masomo ya sanaa kuliko uhandisi, kwa kuwa alama ya ziada haiwezi kumrudishia mtu somo la fizikia alilokoseshwa miaka sita nyuma. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 33, inawapa wanawake haki ya nafasi sawa katika shughuli za siasa, uchumi na jamii. Elimu ya msingi kwa wote ikaja mwaka 1997, na mwaka 2005 serikali ikatangaza kwamba masomo ya sayansi yawe ya lazima katika sekondari hadi kidato cha nne. Karatasi, basi, zipo. Kinachobaki ni sisi: baba, mama, shangazi, nyapara, katibu wa tawi.

3. MANENO TUNAYOYASIKIA, NA MAJIBU YAKE

"Mashine ni nzito, mwanamke hawezi." Anayesema hivi aende shambani aone nani anabeba kapu la chai mgongoni juani, na nani anachota maji na kubeba kuni baada ya zamu. Mwanamke hajawahi kukataliwa kazi nzito ya ujira mdogo. Uzito hutajwa pale tu kazi inapokuwa na ujira mzuri. Tena mashine ilibuniwa ili kumpunguzia mtu uzito, si kumwongezea.

"Binti ataolewa, faida itakwenda kwa wengine." Ng'ombe wa mahari huliwa mara moja, lakini ufundi haufi. Binti mwenye cheti cha umeme hatawasahau wazazi wake, na akifiwa au akiachwa hatarudi nyumbani mikono mitupu na watoto watatu. Katika Buganda shangazi, yaani ssenga, ndiye mwalimu wa binti kuhusu maisha ya nyumba. Tunawaomba akina ssenga waongeze somo moja: mwanamke mwenye kazi ya kutegemewa huheshimiwa zaidi katika nyumba yake.

"Karakana si mahali pema kwa msichana." Hapa tusijibu kwa haraka, kwa sababu hofu hii ina msingi. Wako mafundi na wasimamizi wanaodai rushwa ya mwili kabla ya kufundisha. Lakini dawa ya nyumba yenye nyoka ni kumtoa nyoka, si kumnyima mtoto nyumba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inakataza usumbufu wa namna hiyo, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke mpango wa kuuzuia. Sheria hiyohiyo inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi pamoja na mshahara. Tawi lisilojua vifungu hivyo ni sawa na mlinzi aliyelala na rungu chini ya mto.

"Fedha hazitoshi kwa wote wawili." Hili ndilo neno zito kuliko yote, na tulitazame kwa makini.

Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kilipangwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kupanga kima kipya, lakini haukupata saini ya Rais. Mfanyakazi wa shamba au wa kiwanda mwenye mtoto wa kiume na wa kike waliomaliza darasa la saba pamoja huitazama mfuko wa mshahara na kuona karo ya mmoja. Huamua mvulana aendelee na chuo cha ufundi. Msichana hupelekwa mjini kwa jamaa, na baada ya muda hupata kazi ya dukani katika mitaa kama Kikuubo. Kila mwisho wa mwezi anatuma kitu kidogo nyumbani kwa simu. Na kitu hicho kidogo kinakwenda wapi? Mara nyingi kinakwenda kulipa karo na kununua vifaa vya kaka yake.

Kwa hiyo tusiseme binti hana uwezo. Uwezo wake ndio unaosomesha. Yeye ni mlipa karo ambaye hajawahi kukaa darasani. Akifika miaka 25 kaka yake ni fundi mwenye cheti, naye bado anapanga katoni za sabuni, na tajiri wake ameanza kutafuta msichana mwingine mdogo kuliko yeye.

Hatuwalaumu wazazi. Mwenye mshahara wa njaa hufanya uchaguzi wa njaa. Lakini hata ndani ya dhiki kuna haki. Familia inaweza kukubaliana zamu: huyu atangulie, naye akimaliza alipie mwenzake. Makubaliano hayo yafanywe mbele ya mjomba na shangazi, na yaandikwe, kwa sababu ahadi ya mdomo husahauliwa mara fundi anapooa. Chama nacho kina wajibu: vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi vitoe mkopo wa karo ya ufundi kwa binti kama vinavyotoa mkopo wa mabati.

Tukumbuke pia wakati wa ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na simu. Kila mmoja wetu ajiulize kwa moyo safi: nyumbani kwake palipokuwa na simu moja, nani aliishika kwa ajili ya masomo, na nani alikuwa akiosha vyombo? Wasichana wengi waliokwenda kuuza bidhaa au kuolewa katika miaka ile hawakurudi tena darasani.

4. MASHINE IKIFIKA SHAMBANI

Mfanyakazi wa shamba anaweza kusema kwamba haya ni ya mjini. Basi tuvuke mpaka tuingie Kericho, nchini Kenya, kwa wenzetu wa chai. Kuchuma chai kwa mkono ni kazi iliyowapa riziki watu wengi, na wengi wao ni wanawake. Kisha zikaja mashine za kuchuma: injini yenye visu, nyingine ikishikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari wa michai na mwingine upande wa pili. Mashine moja huchukua nafasi ya wachumaji wengi. Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba cha Kenya, KPAWU, kiligoma, na mashine hizo zilikuwa kiini cha ugomvi. Mei 2023 hasira zilipanda hata mashine kadhaa zikachomwa moto huko Kericho.

Tunaielewa hasira ile. Lakini historia ya wafanyakazi duniani inatufundisha kwamba mashine iliyochomwa leo huagizwa nyingine kesho. Mapema katika karne ya 19 wafumaji wa Uingereza walizivunja mashine za kufumia, na mashine zikabaki. Vyama vilivyowafaa wanachama wao vilikuwa ni vile vilivyodai mambo mawili kwa pamoja: kwanza, mtu asitupwe nje bila fidia; pili, yule aliyekuwa akifanya kazi kwa mkono awe wa kwanza kufundishwa mashine. Mashine ya chai inahitaji mwendeshaji, fundi wa injini na mnoaji wa visu. Ikiwa nafasi hizo zote zitatolewa kwa wanaume kwa sababu "wao ndio wanaojua injini", mama aliyechuma miaka 20 atarudi kijijini, na binti yake hataona sababu ya kusoma.

Walimu nao wana somo kwa ajili yetu. Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Walimu wa sanaa waliachwa nyuma, na chama chao, UNATU, kikagoma mwezi wa Juni mwaka huo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya ubaguzi huo wa mishahara. Lakini lililo dhahiri ni kwamba sayansi imewekewa bei. Na kwa kuwa wanawake ni wachache katika masomo ya sayansi, kila shilingi inayoongezwa kwa sayansi humpita mwanamke mlangoni. Msichana aliyeambiwa mwaka wa kwanza wa sekondari kwamba fizikia ni ya wavulana, hakuambiwa neno la mchezo. Aliambiwa kiasi cha mshahara wake.

5. WALIOPITA, NA NJIA YA WALIO WENGI

Si kweli kwamba hakuna waliopita. Irene Muloni alisomea uhandisi wa umeme Makerere, akafanya kazi katika mashirika ya umeme, na tangu 2011 hadi 2019 alikuwa Waziri wa Nishati. Dorothy Okello, mhandisi na mwalimu wa Makerere, ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa chama cha wahandisi cha Uganda. Ni miongoni mwa walioanzisha WOUGNET mwaka 2000, mtandao wa vyama vya wanawake kwa ajili ya kutumia kompyuta na mawasiliano. Mwaka 2012 Barbara Birungi alianzisha Women in Technology Uganda, shirika linalofundisha wasichana kazi za kompyuta.

Tunawataja kwa fahari. Lakini tusiwafanye mabinti zetu waamini kwamba teknolojia ni ya wenye shahada tu. Kiwanda kimoja kinahitaji mhandisi mmoja au wawili, na mafundi wengi: wa umeme, wa mabomba, wa kuchomelea vyuma, wa mashine za kushonea, wa majokofu, wa kompyuta. Hapo ndipo penye nafasi za watoto wa wafanyakazi. Vyuo vipo, kama kile cha Nakawa na cha Lugogo hapa Kampala, na vingine wilayani.

Wako pia akina mama na mabinti ambao tayari wanajua kazi lakini hawana karatasi. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 iliweka msingi kwamba mtu aliyejifunza kazi mikononi, nje ya darasa, aweze kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Mama anayeitengeneza cherehani yake mwenyewe kiwandani kila inapokwama, bila kulipwa kama fundi, ndiye mtu wa kwanza ambaye tawi limpeleke kupimwa.

6. KAZI YA TAWI

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tunapendekeza kila tawi lifanye mambo haya:

Kwanza, kuhesabu. Katibu aandike orodha ya kila mashine mahali pa kazi, anayeiendesha, anayeitengeneza, na waliopelekwa mafunzoni miaka mitatu iliyopita, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Orodha hiyo isomwe mkutanoni. Hesabu huziba midomo ya wabishi kuliko hotuba.

Pili, kuandika katika mkataba. Wakati wa kujadiliana na mwajiri juu ya mkataba wa hali bora za kazi, kifungu kama hiki kiwekwe mezani:

"Katika kila mafunzo ya mashine mpya, nafasi zitagawanywa kwa wanawake na wanaume kwa kadiri ya idadi yao katika idara inayohusika. Mfanyakazi ambaye kazi yake ya mkono inachukuliwa na mashine atakuwa wa kwanza kufundishwa mashine hiyo, na hatapunguziwa ujira wakati wa mafunzo. Mafunzo yatafanywa katika saa za kazi."

Maneno ya mwisho, "katika saa za kazi", yasiachwe. Mafunzo ya jioni humkuta mama jikoni na binti kisimani. Mwajiri akisema mafunzo yako wazi kwa wote saa kumi na mbili jioni, amefungua mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine.

Tatu, kudai mahali pa kufaa: vyoo vya wanawake karibu na karakana, chumba cha kubadilishia nguo, na ovaroli na viatu vya vipimo vyao. Fundi mwanamke aliyevaa ovaroli inayoburuta ameajiriwa pamoja na ajali yake.

Nne, kuwa na watu wawili waaminifu, mmoja wao mwanamke, wa kupokea malalamiko ya wanaosumbuliwa mafunzoni au kazini, na kuyafikisha mbele bila kutangaza jina la mlalamikaji.

Tano, kuanzia nyumbani. Mwanachama anayenyanyua mkono mkutanoni kuunga mkono haki ya wanawake, kisha akirudi nyumbani humwita binti aache daftari alete maji huku kijana amelala, hajaunga mkono kitu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Mahali petu pa kazi, ni kazi zipi huitwa "za wanaume" na zipi "za wanawake"? Ujira wa kila moja ni kiasi gani?

2. Mali tunayoitengeneza ikifika Kikuubo, nani huipanga, nani huiuza, nani huandika ankara yake kwa kompyuta? Je, kuna mabinti zetu huko, na wangependa kujifunza nini?

3. Katika familia ya kila mmoja wetu, nani alilipiwa karo na fedha za dada yake? Je, deni hilo limelipwa?

4. Mashine ipi mpya inatazamiwa kuletwa na mwajiri wetu, na tumejiandaaje kudai nafasi za mafunzo?

5. Wachumaji chai wa Kericho wangedai nini kabla mashine hazijafika? Sisi tunaweza kudai nini sasa?

Mwenyekiti ahakikishe kwamba wanawake wanapewa nafasi ya kujibu swali la tatu kabla ya wanaume. Majibu yaandikwe na katibu, na yasomwe tena siku tawi litakapotayarisha madai yake kwa mwajiri.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.